Usingizi wa Mama na Sindano za Kitale

Katika mwaka wake wa mwisho wa ualimu, muhula wa pili, mama yangu alisinzia akiwa amesimama. Alikuwa ubaoni, katika shule ya msingi iliyo upande wa Kabuchai, akiwaonyesha wanafunzi wa darasa la nane namna ya kugawanya sehemu kwa sehemu. Chaki ilikuwa ikichora ule mstari mfupi unaotenganisha kiasi na asili, nayo haikusimama. Mstari ulipita mwisho wa hesabu, ukateremka polepole hadi kwenye fremu ya ubao, na hapo paji la uso la Mama likagonga mbao akaamka. Alipogeuka, darasa zima lilikuwa limeinamia daftari. Kila mtoto alikuwa amenakili mstari ule katika daftari lake pamoja na mteremko wake wote. Hakuna aliyecheka. Msichana wa dawati la mbele aliuliza tu kama mstari wa aina hiyo unahitaji rula.

Habari ilimfikia mwalimu mkuu kabla ya chai ya saa nne. Mwalimu mkuu alijiona kuwa mtu wa haki, kwa hiyo alimpa Mama nafasi ya kuchagua: ama alale usiku kama watu wengine, ama ahamishiwe darasa la pili, ambako, kwa maneno yake, hata akilala watoto watafikiri ni mchezo. Alimpa hadi shule zitakapofunguliwa mwezi wa Septemba. Kama wakati huo bado angeonekana akisinzia, darasa la nane lingepewa mtu mwingine.

Ili jambo hili lieleweke, lazima niseme kwamba Mama alikuwa na watoto wale tangu darasa la nne. Kila Januari alikwenda ofisini kuomba apande nao, na kila Januari alikubaliwa kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka hisabati. Angestaafu Desemba. Hakuomba zawadi wala sherehe ya kuagwa. Alitaka kitu kimoja, kuwafikisha watoto wale mlangoni pa chumba cha mtihani wa kitaifa mwezi wa Novemba, kisha aende nyumbani kwa miguu yake.

Usingizi wake ulikuwa umepotea kwa njia ambayo leo naiona wazi, ingawa wakati ule sote tulipita juu yake kama mtu anavyopita juu ya jiwe la uani kwake. Wazazi wa darasa la nane walikuwa wamesikia kwamba shule jirani inaanza masomo saa kumi na moja na nusu alfajiri, nao wakaamua kwa kauli moja kwamba watoto wetu waanze saa kumi na moja kamili. Ufunguo wa darasa alipewa Mama. Ili afungue saa kumi na moja, ilimbidi atoke nyumbani saa kumi na nusu. Ili atoke saa kumi na nusu, ilimbidi aamke saa kumi. Na ili awe na hakika kwamba saa kumi haijampita, alianza kuamka saa tisa, halafu saa nane, akakaa kitandani akiisubiri. Jambo hili halikuitwa ugonjwa na mtu yeyote. Liliitwa juhudi, na mwalimu mkuu alilisifu katika mkutano wa wazazi.

Mimi wakati huo nilikuwa Kitale. Nilikuwa nimetoka chuoni na stashahada ya afya ya jamii, nikaajiriwa na shirika dogo lililowafundisha wakulima wa Trans-Nzoia kuchemsha maji na kuchimba vyoo mbali na visima. Niliamini mambo mawili kwa moyo wangu wote: kwamba kila tatizo lina chanzo kinachoweza kupatikana kwa kuuliza maswali mazuri, na kwamba kila mtu ana haki ya kujua ukweli kuhusu mwili wake. Bado ninaamini hayo yote mawili. Siku hizi ninayaamini kwa sauti ya chini.

Kabla sijafika mimi na imani zangu, wengine walikuwa wamefika na zao. Hospitalini walimpima Mama presha na damu, wakaona kila kitu ni sawa, wakamshauri apunguze kazi. Ushauri huo ulipokewa nyumbani kama mzaha mzuri wa daktari. Kikundi cha akina mama wa kanisa kilikuja na sukari na mikate, kikaimba, kikaomba dhidi ya roho ya kukesha, na kwa kuwa maombi yalianza baada ya chakula cha jioni na yalitakiwa kuwa ya nguvu, Mama siku hiyo hakulala kabisa. Kisha akaja baba mdogo.

Ndugu huyu wa baba yangu alikuwa ameacha biashara ya mahindi akaingia katika ile ya vidonge vya Kichina, ambavyo havikuuzwa dukani bali mtu aliyeshawishiwa alimshawishi mwingine, na huyo mwingine. Alivaa tai hata shambani. Hakuwa amewahi kulalamikia afya yake maishani, lakini tangu aanze kuuza dawa hizo aligundua kwamba alikuwa amepona magonjwa saba. Alimtazama Mama macho, akamwambia tatizo lake.

"Shemeji, wewe huna shida ya usingizi. Shida yako ni ini. Ini yako iko na joto."

"Na hilo ini langu," Mama akauliza, "huamka saa nane kufanya nini?"

Baba mdogo alisema swali hilo lingejibiwa vizuri zaidi katika semina, na kwamba semina ilikuwa Jumamosi.

Nilikerwa sana. Niliona kwamba ni wajibu wangu kama mtu niliyesoma kumwepusha mama yangu na ubabaishaji wa namna hiyo, na wajibu huo niliutekeleza kwa kumpeleka kwa sindano za Kichina. Sitaki kulifanya jambo hili lionekane la kipumbavu kuliko lilivyokuwa. Chuoni nilikuwa nimesoma sura nzima juu ya tiba za jadi za ulimwengu, na humo mlielezwa jinsi Wachina kwa karne nyingi wamewatibu wasiopata usingizi kwa kuwadunga sindano nyembamba kama unywele, zisizo na dawa ndani, katika sehemu maalumu za mwili. Nilichukua karatasi, nikaigawa mara mbili kwa mstari, upande huu faida na upande ule mashaka. Mashaka yalikuwa mengi zaidi, lakini hayakuwa na madhara. Nikamwandikia Mama barua ya kurasa tatu nikimweleza yote hayo kwa uaminifu, pamoja na mipaka ya ushahidi uliopo. Barua ilirudi baada ya wiki moja ikiwa imesahihishwa kwa kalamu nyekundu, makosa kumi na moja, na chini yake ameandika: Nitakuja Jumamosi.

Kliniki ile ilikuwa katika jengo lenye baraza moja na milango miwili. Mlango wa kushoto ulikuwa wa tabibu mwenyewe. Alikuwa mwanamke wa rika langu, mwenyeji wa Kwanza, mji mdogo ulio karibu na Kitale, mjukuu wa watu waliotoka mkoa wa kati zamani wakanunua shamba la mahindi huko. Alikuwa amekaa China miaka mitano akisomea tiba hiyo, na vyeti vyake vilikuwa ukutani, vimeandikwa kwa lugha ambayo hakuna mgonjwa aliyeweza kuisoma. Mlango wa kulia ulikuwa wa duka la tochi, redio ndogo na chupa za chai. Mwenye duka alikuwa Mchina.

Nadhani msomaji ameshaona yaliyotokea. Watu waliotoka Kwanza, Kimilili na hata Bungoma mjini kutafuta dawa ya Kichina walifika barazani, wakatazama kushoto wakamwona binti wa hapa hapa, wakatazama kulia wakamwona Mchina, wakaenda kulia. Kwa kuwa walikuwa wamesikia kwamba madaktari wa Kichina hutambua ugonjwa kwa kuangalia ulimi, walisimama mbele ya meza yake wakatoa ulimi.

Siku ile ya kwanza nilimwona mkulima mmoja, mzee mwenye koti zito, akifanya hivyo. Mwenye duka alikuwa mtu wa adabu nyingi na Kiswahili kidogo, Kiswahili cha bei na cha kusifu mali. Aliutazama ulimi kwa muda. Kisha, nadhani kwa kufikiri kwamba mteja anataka kuona mwanga wa bidhaa, alichukua tochi rafuni, akaiwasha, akaumulika ulimi. Akasema, "Nzuri." Yule mzee alishukuru kwa mikono miwili, akahamia mlango wa kushoto, akamwambia tabibu, "Nesi, daktari amemaliza kunipima. Ati imebaki tu sindano."

Nilicheka, nikidhani ni kosa la mzee mmoja. Mama alipopita mlango wa kulia, mwenye duka alimwinamishia kichwa, naye Mama akapiga goti kidogo. Nikafikiri ni heshima tu. Mama yangu huwapigia goti hata wauza mboga wakiwa wamemzidi umri.

Ndani, tabibu alimshika Mama kifundo cha mkono, akasikiliza mapigo kwa vidole vitatu, akamtazama ulimi, akamuuliza maswali. Alimuuliza anakula nini, kama miguu inapata baridi, anaota nini. Mama alijibu kama mtu anayefanya mtihani. Kisha tabibu akamuuliza huamka saa ngapi.

"Saa nane."

"Kwa nini saa nane?"

"Kwa sababu saa kumi inakuwa haijafika."

Tabibu aliinua macho, na naamini alikuwa na swali lingine midomoni. Lakini hapo nikaingilia kati. Nilikuwa nimekuja na maswali yangu matatu kuhusu usafi wa sindano, nimeyaandika, na niliona haya ni ya msingi zaidi. Aliyajibu yote kwa utaratibu, akanionyesha kwamba kila sindano hufunguliwa mbele ya mgonjwa na kutupwa baada ya kutumika, na tulipomaliza swali lake lilikuwa limekwisha kupotea. Nimelikumbuka swali hilo mara nyingi kuliko yangu.

Akamlaza Mama chali, akamdunga sindano mbili za mikononi, mbili za miguuni na moja katikati ya nyusi. Mama alisema haziumi, akasema tena kwamba kweli haziumi, na kabla hajasema mara ya tatu alikuwa akikoroma. Alikoroma saa nzima. Usiku ule, na katika siku zilizofuata, alilala Kabuchai hadi saa kumi kasorobo. Jumamosi tatu zilizofuata alirudi Kitale, na rangi ya uso wake ikabadilika. Darasani hakugonga ubao tena. Mwalimu mkuu alimpita kwenye korido akasema, bila kumtazama sana, kwamba kumbe inawezekana.

Kwetu mtu akipona hawezi kukaa kimya. Lazima asimame kanisani atoe ushuhuda, ataje alikuwa na nini na nani amemsaidia, na kutaja vibaya ni kama kuapa kwa uongo. Jumapili ya mwisho ya Julai nilikuwa nyumbani, nikakaa benchi la nyuma. Mama alisimama, akamshukuru Mungu kwanza, kama ilivyo desturi. Kisha akamshukuru daktari Mchina wa Kitale, ambaye alimtazama mara moja tu pale mlangoni, akaona yote, akainamisha kichwa, halafu nesi wake akamdunga sindano.

Kanisa lilipiga makofi. Kabla ya wimbo wa mwisho, mwenyekiti wa akina mama alikuwa ametangaza kwamba kikundi kitakodi gari kumpeleka kwa Mchina kila mwenye maumivu.

Kesho yake nilikwenda moja kwa moja kwa tabibu. Nilimwambia kwamba watu wanadanganyika mlangoni pake kila siku, na kwamba kunufaika na uongo ambao hukuusema bado ni kunufaika na uongo. Nilisema mengi kuhusu ridhaa ya mgonjwa, na nilisema vizuri, kwa sababu nilikuwa nimepata alama za juu katika somo hilo. Alinisikiliza akipanga pamba katika bakuli. Aliponijibu hakuonyesha hasira. Alisema miezi miwili ya kwanza alimrekebisha kila mtu aliyeingia, nao walikuwa wakishuka ngazi wakaondoka. Mama mmoja alimwambia wazi kwamba hakuacha ng'ombe wake kuja kudungwa na mtoto wa Kwanza.

"Sijawahi kumwambia mtu kwamba yule ni daktari," alisema. "Nimeacha tu kubishana nao. Wewe mwambie mama yako, ni haki yako. Lakini si ungengoja huo mtihani wao upite?"

Nilimjibu kwamba ukweli hauna muhula. Nililipenda sana jibu hilo. Nililirudia moyoni safari nzima hadi nyumbani Jumamosi iliyofuata.

Mama alikuwa jikoni akichambua maharagwe. Nilimweleza kila kitu kwa mpangilio, nani alisoma wapi, nani anauza nini.

"Na yule aliyeniinamishia kichwa?"

"Anauza tochi, Mama."

"Sasa aliniinamishia kichwa ya nini?"

"Ni adabu tu. Huwainamishia wateja wote."

"Hm," akasema, akaendelea kuchambua. Baada ya muda niliona kwamba alikuwa akiyaweka mabovu pamoja na mazuri.

Usiku huo hakulala. Wala uliofuata. Ilikuwa likizo ya Agosti, lakini darasa la nane halikuwa na likizo, na masomo ya alfajiri yaliendelea kama kawaida. Siku ya nne, wanafunzi wakifanya jaribio, Mama alilala mezani, shavu juu ya karatasi ya majibu. Watoto wakaamua wenyewe kutogeuza karatasi kwa kelele. Mwalimu mkuu alipita dirishani akashangazwa na nidhamu ile kubwa, akachungulia kuona inatoka wapi. Alimwambia Mama jioni kwamba yeye ameona vya kutosha. Septemba ilikuwa imebakiza wiki tatu.

Nilipopata habari hizo niliomba ruhusa kazini nikarudi. Sikuwa na barua safari hii, wala karatasi yenye mstari katikati. Nilimwambia Mama kwamba kosa ni langu, kwamba sindano zilimfaa kwa sababu alikuwa na imani, na mimi nimeiondoa imani hiyo bila kumpa kitu badala yake. Alinitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyepata jibu sahihi kwa njia isiyo sahihi.

"Papa," akasema. Ndivyo mama wa kwetu wanavyowaita wana wao wa kiume. "Wewe unafikiri mimi silali kwa sababu ya Mchina? Mimi silali kwa sababu nimesimama mbele ya kanisa nikamwita yule binti nesi. Mtu amesoma miaka mitano, mimi mwalimu, nikamwita nesi. Na watu wameshalipia gari."

Jumapili akasimama tena. Hakuna aliyewahi kuona mtu akirudi kusahihisha ushuhuda, na mchungaji mwanzoni alidhani amepona ugonjwa wa pili. Mama alieleza kwa sauti ile ile ya ubaoni kwamba aliyemtibu ni binti wa Kwanza, watu wake wanalima mahindi, amesomea kazi yake, na ana vyeti. Yule Mchina ni mfanyabiashara mwaminifu wa tochi. Aliomba radhi kwa Mungu, kwa kanisa na kwa yule binti.

Kanisa halikupenda. Ushuhuda wa kwanza ulikuwa umeshazoeleka. Mwenyekiti wa akina mama, akiwa ameketi, alisema kwa sauti iliyosikika hadi nje, "Lakini mwalimu, si ungengoja kwanza twende turudi?" Watu walicheka, mchungaji akaanzisha wimbo, na nje ya kanisa baraza likakaa. Wengine walisema mwalimu amechanganywa na kukosa usingizi. Mmoja alisema Mchina anayeuza tochi hawezi kukosa kujua dawa kidogo, kwani wao huzaliwa nayo. Ikaamuliwa kwamba gari lisipotee bure.

Lilikwenda Jumamosi likiwa limejaa, Mama akiwa ndani na mimi nikiwasubiri Kitale. Akina mama kumi na wanne walishuka barazani. Watatu waliingia mlango wa kushoto. Kumi walikwenda mlango wa kulia kuhakikisha wenyewe, na kwa kuwa mtu hawezi kumsimamisha mtu wa watu bure, kila mmoja alinunua kitu. Baadaye niliambiwa kwamba mmoja wao alipata nafuu ya goti kwa kulimulika.

Wa kumi na nne alikuwa Mama. Alimsubiri tabibu amalize na wale watatu, kisha akaingia akasimama, akakataa kiti. Akamwambia alichosema kanisani mara ya kwanza na alichosema mara ya pili, na kwamba amekuja kuomba msamaha kwa mdomo wake mwenyewe. Tabibu aliona haya. Alisema ameitwa nesi sana, hata ameanza kuitika. Mama akamwambia asiitike tena.

Akalala kitandani, akadungwa sindano zile zile, mahali pale pale. Hakupata usingizi. Alitazama dari, na baada ya nusu saa alisema kwa utulivu kwamba anaona dari ina mbao ishirini na mbili. Tabibu akavuta kiti. Safari hii mimi nilinyamaza.

"Mama, ile siku uliniambia unaamka saa nane kwa sababu saa kumi haijafika. Saa kumi kuna nini?"

Mama akamweleza habari ya darasa, na ya wazazi, na ya shule jirani. Akamweleza kwamba ufunguo huwa chini ya mto, naye huugusa mara kadhaa usiku kuona kama upo. Alieleza kwa fahari, kama mtu anayesimulia alivyopewa cheo. Tabibu alimsikiliza hadi mwisho akaanza kuzitoa sindano, moja moja.

"Huu sasa si ugonjwa," akasema. "Hii ni kazi. Naweza kukudunga hadi Krismasi. Ufunguo siwezi kuudunga."

Akakataa malipo ya siku hiyo. Mama akaacha kuku wawili aliokuwa amekuja nao, ambao kwa hakika walikuwa wa kuombea msamaha, kwa hiyo hawakuwa malipo.

Jumatatu Mama aliuweka ufunguo juu ya meza ya mwalimu mkuu. Alimwambia kwamba atafundisha darasa la nane kuanzia saa mbili asubuhi hadi wamchoke, lakini alfajiri ampe mtu mwingine. Mwalimu mkuu alisema ufunguo na darasa ni kitu kimoja, hawezi kutoa kimoja akabaki na kingine. Nilikuwa nje ya dirisha, nimemsindikiza, na sikujivunia kusikiliza.

"Basi tafuta wa kuvichukua vyote viwili," Mama akasema, "mimi niko darasani nikimngoja."

Mwalimu mkuu akatafuta. Mwalimu kijana aliyekuwa ameahidiwa darasa hilo alifurahi sana hadi aliposikia saa, akakumbuka kwamba anakaa mbali. Wa pili alikuwa na mtoto mchanga. Wa tatu alikuwa na ugonjwa wa mgongo ambao haukuwa umetajwa hapo awali. Shule zikafunguliwa Septemba, hakuna aliyechukua, na kwa kuwa wazazi hawangekubali alfajiri ipotee, mwalimu mkuu alisema kwa ukali kwamba atauchukua ufunguo yeye mwenyewe, ili watu waone maana ya kujitolea.

Watu waliona kwa siku tisa. Siku ya kumi mzazi mmoja aliingia ofisini kulalamikia sare ya mtoto wake, akazungumza kwa kirefu, akapendezwa na jinsi mwalimu mkuu alivyokuwa akikubali kwa kichwa kila alichosema, na alichelewa kutambua kwamba kichwa hakikuwa kikikubali. Wiki hiyo hiyo tangazo lilibandikwa. Kutokana na mashauriano ya kitaalamu, masomo ya asubuhi yangeanza saa moja kasorobo. Darasa la nane lilibaki na mwalimu wake. Hapakuwa na maelezo juu ya hilo, na Mama hakuyaomba.

Usingizi ulirudi taratibu, bila sindano. Akina mama wa kanisa walihesabu kwamba ni maombi, na huenda wana haki yao. Baba mdogo, katika semina zake, alianza kumtaja mwalimu mmoja wa Kabuchai ambaye ini lake lilipoa. Nilitaka kumwandikia barua. Sikuiandika.

Mkesha wa mtihani nilikuja nyumbani. Nilikuwa na wasiwasi kwamba usiku huo, kati ya usiku wote, Mama angekesha, au kwamba angelala akapitiliza, na sikujua lipi ni baya zaidi. Nililala chumba cha pili nikimsikia akikoroma kupitia ukutani. Nilihesabu saa. Nilitazama nane, nikatazama tisa. Saa kumi kamili nikaona siwezi tena kubeba jukumu hilo, nikaenda nikabisha mlango wake.

"Mama, amka. Ni leo."

Nilimsikia akijigeuza kitandani. Kisha sauti yake, nzito, bila hasira.

"Papa, mtihani ni saa mbili. Rudi ukalale."

Nikarudi, sikulala. Kabla sijafika kitandani alikuwa amekwisha kuanza kukoroma tena.

Saa moja na nusu alikuwa shuleni, amevaa nguo yake ya buluu ya kanisani. Watoto walipangwa mstari mbele ya darasa ambalo sasa halikuwa lake, kwa sababu wasimamizi wa mtihani walikuwa wameshalichukua. Alipita akikagua penseli moja baada ya nyingine. Mmoja alikuwa ameing'ata nyuma, akamwambia aing'ate baada ya hesabu ya mwisho, si kabla. Walikuwa themanini na wawili. Waliingia mmoja mmoja, naye alisimama kando ya mlango akiwaangalia, akitaja kila jina kwa sauti ndogo kama anayeita daftari la mahudhurio, hadi msimamizi alipomwomba kwa heshima arudi nyuma, akaufunga mlango.